Ripoti Yenye Muhuri

Mume wangu Polycarpe ni agronome. Narudia, maana nchi hii ina masikio mazito: agronome, mtaalamu wa udongo na mimea, miaka mitano chuoni Bukavu na kumi na mmoja kazini, Kabare mpaka Walungu. Tulipofika Louisville mwaka 2010, wakimbizi wa jana, alionyesha diploma yake, wakampa kazi ya kuosha trei za kuku. Tukahamia Columbus, akaionyesha tena, wakampa toroli ya kusukuma maboksi. Hapa Buffalo hakuitoa hata kwenye bahasha. Alikwenda moja kwa moja kiwandani kule Lackawanna, akasimama kwenye mashine ya kufunga plastiki, na msimamizi wake, mzungu mmoja anaitwa Norbert, akashindwa hata kulitaja jina lake. Anamwita Poli. Poli! Mtu mzima mwenye mvi!

Basi mwaka 2015, mwezi wa nne, Poli wao akaanza kupiga mluzi nyumbani. Anaoga, mluzi. Anamenya viazi, mluzi. Nikafikiri ni furaha ya uraia, maana siku ya mahojiano yetu ilikuwa imekaribia, na miye mwenyewe nilikuwa silali vizuri kwa kuingoja. Nikamwacha.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku nne, nikafungua faili la karatasi zetu ili nizipange: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua za kambini. Katikati ya cheti cha ndoa na picha za pasipoti nikakuta karatasi mpya, mwandiko wa mume wangu, Kifaransa safi. Ripoti ya ziara. Jina la mteja: Norbert, na anwani yake. Jina la mtaalamu: Polycarpe, na anwani yetu, na simu yetu. Zao: Cannabis sativa. Hata jina la kisayansi alilipigia mstari chini! Na mwisho wa ukurasa, sahihi, na muhuri wa zambarau uliosomeka vizuri kabisa.

Muhuri ule naujua. Siku tulipokimbia aliacha viatu, akabeba muhuri.

"Baba Séphora!" Séphora ni binti yetu; bahati nzuri alikuwa shuleni kwa mazoezi ya kwaya. "Baba Séphora, njoo hapa! Hii ni nini?"

Akaja, akaiona mkononi mwangu, akaketi.

"Bon. Ni nakala ya kuhifadhi. Nyingine nilimwachia mteja."

"Mteja! Hii ni bangi!"

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua tangu picha ya kwanza, Mama Séphora."

Akanieleza. Wakati wa mapumziko Norbert alikuwa akiwaonyesha watu picha kwenye simu, anasema nyanya zake zinaumwa, na kila mtu anamwambia aongeze mbolea. Polycarpe akachungulia. Nyanya gani! Lakini akaona pia kwamba ile mimea haikuwa na njaa, ilikuwa imevimbiwa. Akasema hivyo, kwa sauti. Norbert akamtazama kama mtu aliyesikia mashine ikisema, na Jumamosi iliyofuata akampakia kwenye gari lake mpaka kwake.

"Kijani kizito kupita kiasi," Polycarpe akasema, na mikono yake ikaanza kuruka. "Ncha zimeungua, majani yamejikunja chini kama kucha za kuku. Juu ya udongo wa ndoo alimoipanda, ukoko mweupe. Nikamwambia amwagie maji ndoo mojawapo, nikaonja yale yaliyotoka chini. Chumvi tupu! Donc anatia mbolea kila siku, kipimo mara mbili. Nikamwambia acha mbolea kabisa. Osha udongo kwa maji matupu, mara tatu ya ujazo wa ndoo, yachuruzike yote. Subiri siku kumi. Ncha zilizoungua hazitapona, angalia majani yanayochipuka. Halafu urudi na nusu ya kipimo, usizidishe."

"Na ripoti ya nini? Nani alikuomba ripoti?"

Akashangaa kweli, jamani. "Ziara bila ripoti si ziara."

Nikapandwa na hasira mpaka macho yakaona giza. "Watu wanaofanya mambo haya wanaficha majina, weye unapiga muhuri! Siku polisi wakiingia pale, watasoma nini? Jina letu! Kwenye mahojiano wanauliza habari za madawa ya kulevya, na karatasi hii ungewapelekea mwenyewe ndani ya faili! Wanaturudisha wapi? Kwa nani? Uliwahi kuuza hata sigara, weye?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

Akatazama mikono yake. "Miaka mitano, Nabintu. Hakuna aliyeniuliza kuhusu jani hata moja."

Nilivaa koti.

Anwani ya Norbert nilikuwa nayo, si aliiandika vizuri? Nikapanda basi mpaka kwake, nikagonga. Akafungua mlango, miguu mitupu. Kiingereza changu ni cha kuwaogesha wazee na kuwabadilisha nepi, ila hasira ilinisaidia kupata maneno. Nikasema miye ni mke wa Polycarpe, nataka karatasi. Akapauka, akanishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba.

Taa kali, ndoo nane zimepangwa, harufu ya kukata pumzi. Na ripoti imebandikwa ukutani, juu ya taa, sahihi na muhuri hadharani.

Nikaibandua. Yule bwana akasimama anajikuna shingo, akasema, "Mumeo ni kama daktari. Anafanya nini kwenye mashine ya plastiki?"

Niliona ningemzaba kofi. "Unaniuliza miye? Weye ndiye chifu wake! Ulimweka pale weye! Anaitwa Polycarpe. Sema."

Akajaribu mara mbili. Ya pili ilikaribia. Nikapanda ngazi nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta palepale mezani. Nikaweka ripoti zote mbili mbele yake, nikazichana: jina, anwani, simu, sahihi, muhuri, vipande vidogo vidogo, nikavitia kwenye maji ya sufuria mpaka wino ukayeyuka. Hakunizuia. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi, makali, ya kumtosha mpaka Krismasi. Nikageuka kuyasema.

"Norbert alibadilishiwa zamu," akasema polepole. "Sijamwona tangu siku ile ya ziara. Yale majani mapya... uliyaona?"

Nilikuwa nimeyaona. Nilikuwa nimekataa kuyaangalia na bado nilikuwa nimeyaona. Hasira yangu ilikuwepo yote, haikupungua hata kidogo, ila haikuwa tena yake. Ilikuwa ya Louisville na Columbus na Buffalo, na ya kila mtu aliyeishika ile diploma akairudisha bila kuisoma.

"Kijani," nikasema. "Safi. Hakuna ncha iliyoungua."

"Ndoo ngapi?"

"Zote nane, agronome."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika.