Wote Waliitikia Ndiyo

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya kwa mwalimu wa Kiingereza kilikuwa koo lake. Siku mwalimu huyo, msichana mgeni kutoka ng'ambo, alipoletwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, wafuaji walimzunguka wakamsalimu. Wifi wa Kimya akamuuliza jina. Mwalimu, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja, akatabasamu, akasema, "Ndiyo." Redio, yule mwanamume wa mashine za kukaushia ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akamuuliza kama yuko tayari kuolewa naye. Mwalimu akasema tena ndiyo. Watu walicheka wakashika mbavu. Kimya hakucheka. Aliona koo la mwalimu likipanda na kushuka, kama la mtu anayemeza kidonge bila maji. Kidonge hicho alikijua. Yeye mwenyewe alikimeza kila siku, ndiyo maana Redio akampa jina hilo la Kimya.

Mwalimu aliletwa kwa sababu ya dawa za kufulia. Zilikuja kwenye madumu yenye maandishi ya Kiingereza matupu, mengine vifuniko vyeupe, mengine vya bluu. Msichana aliyekuwa kwenye mashine kubwa kabla ya Kimya alielezwa na msimamizi, akaulizwa kama ameelewa, akaitikia. Dawa ikamrukia machoni; siku hizi anatembea akishikwa mkono.

Sasa mashine hiyo ilikuwa ya Kimya, na leo, darasa likiisha, alitakiwa amimine dawa peke yake.

Walikaa kwenye meza za kukunjia shuka. Mwalimu alinyanyua dumu la kifuniko cheupe, akasema maneno mengi. Akanyanyua la bluu, akasema mengine. Kimya aliikodolea macho midomo yake. Neno moja moja lilimnasa: maji, mkono, hapana. Hapana aliisikia vizuri kabisa, lakini hakujua inakataza nini. Maneno mengine yalipita mbio kama watu wanaokimbilia mlango ambao yeye haujui.

Kisha likaja swali. Hilo walilijua wote, kwa sababu ndilo lililofunga kila somo. Hata jibu lake walilijua kabla ya kujua salamu.

"Mmeelewa?" mwalimu akauliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo," chumba kizima kikaitikia, na midomo ya Kimya nayo ikachezacheza bila sauti.

Redio akamnong'oneza jirani yake kuwa yeye Kiingereza anakijua, ila chenyewe ndicho kinachomkwepa. Wengine wakaguna kicheko. Msimamizi aliyesimama mlangoni alikohoa tu, kicheko kikafa. Mwanamke mmoja wa pasi aliwahi kumwomba huyo msimamizi arudie maelezo. Kesho yake meza yake ya pasi ilikuwa na mtu mwingine.

"Haya, binti," msimamizi akasema, akimnyooshea Kimya glavu. "Mashine inakusubiri."

Kimya akasimama. Wifi yake akamvuta sketi.

"Nenda, wifi. Kazi hii nimekuombea mimi. Usinivue nguo mbele ya watu."

"Lile jeupe linatangulia?" Kimya akauliza kwa sauti ya chini.

Wifi yake akatazama pembeni. Koo lake likapanda, likashuka.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Kumbe hata wifi hajui. Akageuza macho, akamtazama Redio, akawatazama wa pasi na wa kukunja, na kila aliyetazamwa akapata shuka la kulikunja upya. Hakuna aliyejua. Walikuwa wameitikia wote, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeelewa.

Alivaa glavu. Vidole viligoma kuingia. Kupitia mlango wazi aliiona mashine kubwa na madumu yakiwa kando yake, na harufu ile kali ikamfikia puani, macho yakaanza kuwasha kabla ya kuguswa na chochote.

Akapita mbele ya mwalimu. Akasimama.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "sijaelewa."

Mwalimu akatabasamu kwa upole. "Ndiyo," akajibu, akamwonyesha mlango.

Kimya hakuondoka. Msimamizi alikuwa tayari amegeuka kumtazama. Nyuma yake wifi aliliita jina lake la nyumbani, kwa sauti ya kuonya. Kimya akatafuta kichwani mwote, akakuta vipande vichache tu: kimoja cha kujitaja, ile hapana ya darasani, na lile neno la mwisho katika swali ambalo wote huitikia. Hakujua vinapangwaje. Hakuwahi kutoa neno hata moja la lugha ile bila wenzake kulitoa pamoja naye.

"Mimi," alisema kwa Kiingereza, na sauti yake ikatetemeka mbele ya wote, "mimi hapana elewa."