Unga Mweupe kwenye Balbu

Mpimaji wa ajali alisema lami haikuwa na la kumwambia.

"Breki za siku hizi hazifungi tairi, mama. Mtu anakanyaga kwa nguvu zake zote na haachi hata mkwaruzo. Kwa jinsi boneti ilivyokunjwa, najua alikuwa kasi. Kama alijaribu kusimama, hapo sijui."

Mama hakuja pale yadi ya magari ya ajali kuuliza kasi. Asubuhi ya ajali alimwambia kitinda mimba wake kwamba amechoka kulisha mwanamume mzima, akafie mbele. Maneno yake yenyewe hayo. Kijana akachukua funguo, na jua halijafika utosini alikuwa ameingia chini ya lori lililoegeshwa kando ya barabara iliyonyooka kama rula. Tangu mazishi mama alitaka kujua jambo moja tu: mwanawe alikanyaga breki au aliliendea lile lori kwa kusudi?

"Lakini tunaye shahidi," mpimaji akasema. Akachuchumaa nyuma ya gari na kuchomoa balbu ya breki. Kioo chake kilikuwa na ufa. "Uzi wa balbu ukiwa unawaka, kioo kikipasuka, hewa inauunguza palepale na kuacha unga mweupe. Ukiwa umezimika, haudhuriki." Akaiinua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na unga mweupe. "Alikanyaga, mama. Mtoto wako alitaka kusimama."

 Mama aligeuka ili mumewe amshike, akamkuta anatazama viatu vyake.

Mumewe ni fundi umeme wa magari, mtaa mzima unamwita Mzee Waya. Jana walikuja wote hapa yadi kuchukua vitu vya marehemu, na mama alimwacha peke yake kwa muda mrefu.

"Baba watoto, jana ulikuwa unafanya nini huku nyuma?"

"Naangalia tu."

"Kwa macho au kwa betri?"

Mpimaji akaacha kuandika.

"Tuyaache hayo, mama watoto."

"Nimekuuliza."

"Unanijua. Mimi nikiona balbu, mkono hautulii. Niliigusisha kwenye betri ya lile gari la pale. Ikawaka, ikatoa moshi, ikafa. Nikairudisha."

"Ufa ulikuwepo kabla hujaiwasha?" mpimaji akauliza.

"Ulikuwepo."

Mpimaji aliitazama balbu kwa muda, kisha akaitia kwenye mfuko wa nailoni taratibu.

"Basi huu unga ni wako, mzee."

"Maana yake nini?" Mama alikuwa ameshaelewa, ila alitaka kuambiwa.

"Kama jana uzi ulikuwa mzima hadi ukawaka, basi kioo kilipopasuka siku ile taa ilikuwa imezimika. Hakukanyaga." Akakohoa. "Labda alisinzia. Inatokea."

"Alikuwa ndiyo kwanza ameamka," mama akasema. "Nilimwamsha mimi. Kwa kelele."

 Mpimaji alikata mstari aliokuwa ameandika, akaanza kuandika mwingine.

Mzee Waya alikaa juu ya bampa iliyong'oka, mikono katikati ya magoti.

"Alivyoeleza habari ya unga, nikajua," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua kufa nalo. Ungeondoka hapa na mtoto aliyekanyaga breki. Hivi wewe, hata mara moja tu, huwezi kunyamaza?"

Safari hii alinyamaza.