Gauni la Saa Tano

Fundi cherehani aliamini jambo moja: kipimo hakisemi uongo. Kwa hiyo binti yake, mwenye mimba ya miezi minane, alipotaka kupanda ndege kwenda kujifungulia kwa mumewe, mama alitandaza ramani juu ya meza ya kukatia, akapima kwa futi yake kutoka mji hadi mji.

"Inchi tatu," akasema, kama anayepima kola. Kisha akasoma tiketi: kuondoka saa moja asubuhi, kufika saa sita mchana. "Saa tano! Daktari kasema zisizidi sita. Nenda, mwanangu. Ukifika tu, nipigie."

Akamshonea gauni pana la marinda, ili watu wa uwanja wa ndege wasilione tumbo wakaanza maswali.

Siku ya safari, saa sita ikafika, ikapita. Saa saba, simu kimya.

"Simu yenyewe kanunua ya kupigia picha tu, huyu!" alifoka peke yake, lakini sindano ikamchoma kidole.

Saa nane akaingia jirani yake, aliyewahi kuishi ng'ambo, kuchukua sketi. Alipoelezwa akaitazama picha ya tiketi, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Dada, hiyo saa sita ni ya kule. Wao wako nyuma yetu kwa saa sita. Wakila cha mchana, sisi tunawasha taa."

"Kwa hiyo?"

"Safari ni ya muda wa saa kumi na moja. Kilomita elfu tisa na ushei. Hajachelewa, bado yuko angani. Atapiga jioni, usiogope."

Usiogope! Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Saa kumi na moja, na tumbo lile, ndani ya gauni alilolishona yeye mwenyewe ili wasiulize. Wangeuliza, wangemzuia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye sasa aliwangoja wote wawili.

"Tumpigie," akasema.

"Angani, dada? Utampigia nani?"

Akaiweka simu mezani, katikati ya vipande vya kitambaa. Mchana kutwa alikuwa akiiomba ilie. Sasa aliiomba inyamaze, inyamaze mpaka jioni.

Kabla ya saa kumi, ikalia. Namba ngeni. Ni jirani aliyeipokea na kumwekea sikioni.

"Wewe ndiye mama yake?" Sauti ya mwanamke asiyemjua. "Mimi ni abiria mwenzake. Ndege imebidi ishuke njiani kwa ajili yake. Tuko hospitali."

Nyuma ya sauti ile kichanga kililia, kwa nguvu.

"Mtoto nimemsikia," fundi alinong'ona. "Wangu je? Nipe wangu."

Mkwaruzo. Jirani akamshika bega.

"Mama," ikaja sauti, nyembamba kama uzi, "lile gauni limeharibika."