Kifungu cha Saba

Kazi ya kamati ile ilikuwa kufukua sheria zilizopitishwa zamani na kuuliza kama zinafanya kazi au zimelala usingizi wa pono. Safari hii ilikuwa zamu ya Sheria ya Masoko, yenye umri wa miaka tisa. Kifungu chake cha saba kilitaka kila soko liwe na vyoo, kwa kanuni ambazo waziri angezitunga ndani ya miezi sita. Hazikutungwa. Waziri wa wakati huo sasa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na alikwishasahau. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Katibu wa kamati hakusahau. Shangazi yake aliyemlea aliuza nyanya sokoni, na tangu alfajiri hadi jioni hakunywa hata funda la maji, maana hapakuwa na pa kwenda. Daktari alishamwonya kuhusu figo. Jambo hilo lilimuuma sana katibu.

"Andika sheria inatekelezwa vya kuridhisha," alisema mwenyekiti, akifunga jalada.

"Mheshimiwa, utaratibu unatutaka kwanza tuwasikilize wahusika, huko huko waliko."

Garini katibu akampa mwenyekiti chupa ya maji. Kisha ya pili. "Jua kali, mheshimiwa," alisema, kwa adabu zote za ofisi.

Sokoni wauzaji walikuwa na mengi ya kusema, na katibu hakumkatiza hata mmoja. Saa ya pili ilipoingia, mwenyekiti alikuwa akisimama mara kwa mguu mmoja, mara kwa mwingine. Mwishowe akaiinamia meza ya nyanya.

"Mama, samahani, choo kiko wapi?"

"Kiko kifungu cha saba, mwanangu," alijibu shangazi, akipanga nyanya zake. "Mwaka wa tisa huu tunamngoja waziri atuonyeshe njia."

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu akatazama jalada.

Ziara ikakatishwa ghafla, gari likaondoka mbio.

"Andika," alisema mwenyekiti, jasho likimtoka. "Kanuni zitungwe ndani ya siku tisini."

Gari likaruka tuta.

"Thelathini!"

Tuta la pili.

"Kumi na nne, katibu, kumi na nne!"

Katibu aliandika kwa mwandiko mzuri. Kisha akamwinamia dereva, akamwomba apunguze mwendo kidogo, apitie ile barabara mbovu.