Koki ya Shaba

Mwaka 2004 nilikuwa fundi bomba wa kampuni moja ya matengenezo, Ruwi, huko Uarabuni. Nikatumwa Al Khoudh kwa Bwana Saeed, mhadhiri mstaafu aliyezaliwa Unguja. Kisukari kilimfanya akatwe miguu yote miwili. Sebuleni alikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda, limejaa maji ya bahari. Ndani yake mlikuwa na samaki, kamba, viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, na matumbawe aliyoyazamia mwenyewe alipokuwa mzima. Kutwa alikaa mbele yake kwenye kiti cha magurudumu.

Kazi yangu ilikuwa kuvuta bomba kutoka tangi dogo la chini, lililofichwa kabatini na kuzungusha maji yale yale, lilishe mtambo mpya wa kutoa uchafu majini. Bwana Saeed alinisimamia.

"Plastiki tupu, fundi," alisema. "Chuma sitaki hata msumari."

Nilipokuwa nakaza koki ya plastiki, ikapasuka. Ilikuwa saa nane mchana, maduka yamefungwa hadi saa kumi, na gari la kampuni lingenifuata saa tisa. Bwana Saeed alikuwa ameenda kuswali. Begini nilikuwa na koki ya shaba. Nilidhani mzee anaogopa kutu, na shaba haishiki kutu. Kwetu Moshi koki ya shaba ndiyo heshima ya fundi. Nikaifunga, nikaomba Mungu aibariki kazi ya mikono yangu, nikafungulia maji. Hapakuvuja hata tone.

Baada ya wiki mbili niliitwa tena. Kamba wote walikuwa wamekufa. Viti vya pweza vilikuwa vinakatika vipande, na matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa. Samaki peke yao walikuwa wakiogelea.

"Kuna chuma chochote umeweka humo?" Bwana Saeed aliniuliza.

Nikaingiza kichwa kabatini. Violeth, dada wa kazi wa nyumba ile, alinishikia tochi. Alikuwa mtu wa Singida, na kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, tulisali naye ibada moja kanisani. Koki ilikuwa imeota ukoko wa kijani kibichi. Nikafikiria viza yangu, iliyokuwa mikononi mwa kampuni, nikafunga kabati.

"Hamna, bwana. Plastiki tupu."

Mkewe, Bi Khole, akamgeukia Violeth. "Basi ni dawa yako ya vioo. Kila siku nnakwambia, hapa usipulize."

"Sijapuliza, mama," Violeth alisema. Kisha akanitazama. Nilikuwa napanga spana zangu begini.

Ijumaa Violeth hakuja kwenye ibada. Niliambiwa amenyimwa ruhusa. Nilipiga magoti na wenzangu, lakini kila nilipoanza kuomba, nilimwona ameshika tochi. Jumamosi asubuhi nikapanda teksi mwenyewe hadi Al Khoudh.

Bwana Saeed alikuwa palepale mbele ya kioo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupaza sauti. Aliniambia shaba ndiyo sumu kubwa kuliko chuma kingine chochote kwa viumbe wale, na kwamba aliniuliza kwa sababu alikuwa ameshaihisi. Nikamwomba amwite Violeth nimwambie mbele yake.

"Keshaondoka. Khole kamtia ndege jana." Akagusa kioo. "Matumbawe ntayalilia mwenyewe. Yule mtoto wa watu ni wako wewe. Mpigie."

Akanipa simu yake, na namba ya dada yake Violeth, Dar es Salaam. Nilipiga huku akinisikiliza. Dada mtu akaita, na Violeth akaja.

Nikamwambia nimekwisha kukiri, na kwamba Bwana Saeed anajua hakukosa. Nikamwomba anisamehe.

"Kaka Lukas, mimi ndiye niliyekushikia tochi," alisema. "Ule ukijani niliuona. Ningesema mimi, nani angeniamini? Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikasema nitamwombea kila siku, Mungu amfungulie mlango mwingine.

"Kwa sasa usiniombee," alisema. "Mama hajajua kama nimerudi. Bado natafuta pa kuanzia kumwambia."

Akakata. Bwana Saeed akanyoosha mkono, nikamrudishia simu yake. Akaanza kutafuta namba ya kampuni yangu, nami nikangoja pale pale.