Bundi wa Kwenye Ukungu

Shangazi wa mtoto alipofika kiwandani alasiri, misumeno ilikuwa kimya na wanaume wote wameshapanda kilimani na manati. Kaka yake, fundi seremala, alimdaka mkono getini.

“Limemchukua, dada! Lidege likubwa. Nimeliona kwa macho yangu.”

Alfajiri hiyo kaka alikuja kufungua banda la mbao, akiwa na mkewe na binti yao mdogo, waliyemwita Kibonge kwa unene wake. Aliinama kidogo tu kuokota kufuli, akasikia kishindo. Alipoinuka, mtoto hayupo, na kwenye ukungu juu ya paa kitu kikubwa kinapaa, kimening’iniza kitu cheupe. Kibonge alikuwa amevaa gauni jeupe.

Shangazi alikuwa akitunza ndege waliokaushwa kwenye jumba la makumbusho. Akauliza:

“Kichwani lilikuwa na manyoya yaliyosimama, kama masikio?”

“Hapana. Kichwa duara, uso mweupe.”

“Macho?”

“Meusi. Mwanangu kapotea, wewe unaniuliza macho!”

“Mbawa zilivuma?”

“Kimya. Kama kitambaa.”

“Kando yake kulikuwa na nini? Mti, waya, chochote cha kulinganisha?”

“Ukungu mtupu. Lilikuwa kubwa kama mlango!”

Alimshika mabega. “Kaka, huyo ni bundi, na anakaa humohumo darini mwa banda lako. Kwenye ukungu atakutisha, lakini ni manyoya tu, hata kilo hafiki. Cheupe ulichokiona ni tumbo lake na miguu. Kibonge mimi mwenyewe nikimbeba kiuno kinaniuma! Kuna kitu kilimshtua bundi mle ndani. Waite watu warudi, tumtafute humo.”

“Unaniita mwongo?”

“Nakuita baba uliyechanganyikiwa.”

Hakuita mtu. Alikaa chini akajipiga kichwa kwa ngumi. Aliyeinuka ni mkewe, aliyekuwa ameketi kando ya geti. Alikimbilia bandani, wifi yake nyuma.

Waliita, wakatega masikio kwenye mbao. Kimya. Walichungulia kila upenyo mpaka macho yakajaa vumbi, na shangazi mwenyewe akaanza kujiuliza: je, kama nimekosea? Kama nimewapotezea muda?

“Nywele,” mama alisema. Mkono wake ulikuwa umezama hadi begani kati ya ukuta na rundo la mbao lililoporomoka. “Wifi, nimegusa nywele.”

Kelele zao ndizo zilizomleta baba. Alizing’oa mbao kwa mikono mitupu, damu ikimchuruzika. Kibonge alitoka mweupe kwa vumbi, mguu umepinda, pumzi inakuja na kupotea.

Hospitalini daktari alisema ataishi. Kuhusu mguu hakuahidi kitu.

Baba alibaki amesimama kwenye korido.

“Ingia, kaka. Anakuulizia.”

“Alikuwa ananisikia,” alisema. “Kutwa nzima nimepiga kelele pale nje, nikitazama juu, na yeye ananisikia.”

Mlango ulifunguka, mkewe akatoka kutafuta maji, akampita bila kumtazama.