Tepu Nyeupe Shingoni mwa Mtungi

Kemilembe alipoushika mtungi wa chuma ili auunganishe na kompresa, koki ilicheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka. Akazima mashine.

Ndiye aliyekuwa akijaza hewa mitungi ya wazamiaji wanaoshona nyavu za vizimba vya kufugia sato ziwani, pale Luchelele, na kesho mumewe, Elias, angezama na huu. Koki ya mtungi haichezi. Akaizungusha kwa mkono, bila spana, ikatoka. Meno yake yalikuwa yameviringishwa tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Begani mwa mtungi paligongwa robo tatu inchi. Kwenye koki, M25. Hiyo robo tatu ni jina tu. Ukipima meno yake unapata milimita ishirini na sita na ushee. Koki ya milimita ishirini na tano huingia humo, lakini haikai. Mtungi ukishiba hewa, inaruka kama risasi.

Fundi bomba pale alikuwa mmoja: Mashimba, aliyekuja kutoka Misungwi mwezi uliopita. Kemilembe hakumpenda tangu siku ya kwanza, eti anachekacheka mno, na sasa akaona amepata sababu ya maana. Akamwita mbele ya wazamiaji wote.

"Ulitaka kuua mtu?"

Mashimba akaipokea koki, akaigeuzageuza. "Dada, tepu nafunga kila siku, sikatai. Ila hii si yangu. Angalia, imezungushwa kinyume na meno. Ukikaza, inajifungua yenyewe. Fundi akifunga hivi anachekwa mpaka Usagara."

"Maneno hayo."

"Aliyefunga hii anatumia mkono wa kushoto."

Kemilembe aliinua mkono kumkatiza, akakiona kidole chake. Alikuwa na kidonda kidoleni, na bandeji yake ilizunguka upande uleule. Aliyemfunga ni Elias. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akikitafuta Misungwi.

Elias alikuwa pembeni, akikunja suti yake ya kuzamia bila kuinua macho.

"Baba Nice," Kemilembe alimwita mumewe.

"Koki ya huo mtungi ilikuwa inavuja," alisema Elias. "Nikachukua ya ule mtungi wa Ulaya usiotumika. Ililegea, nikaongeza tepu. Nilijua ungeukataa mtungi, na nyavu zimetoboka, sato wanatoka. Nikasema ikivuja majini, ni mimi mwenyewe, napanda juu."

Kemilembe alisikia aibu kwanza, hasira baadaye. Akamwomba Mashimba radhi mbele ya walewale waliomsikia akimfokea. Kisha akamrudia mumewe.

"Kuzama ni kesho. Kujaza ni leo. Nani husimama hapa mtungi unapojazwa?"

Elias akatazama kando ya kompresa. Nyasi zilikuwa zimekufa hapo, zimekanyagwa na kandambili za mkewe.

"Sikuwaza," alisema.

"Hukuniwaza," alisema Kemilembe.